Waya za Spika ya Kati

Asubuhi ile mkewe alikuwa amekaa sakafuni, bisibisi mkononi, boksi la pili la spika limelazwa chali mbele yake. Mzee alisimama mlangoni na chai yake.

"Haya maboksi yako yatanivunja mgongo," mkewe alisema. "Ungetafuta mbao nyepesi."

"Mbao nyepesi zinatetemeka. Si wewe uliyenifundisha?"

"Ni mimi. Na leo nakulaumu."

Mzee ni seremala. Ndoa yao ilikwenda hivyo: yeye boksi, mke matumbo ya boksi. Mkewe alianza usichanani kwa kusuka mota za pampu, na huko ndiko alikozoeana na waya wa shaba. Baadaye akahamia kwenye spika, mtaa ukamwita Mama Spika. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni krosova, kile kibao cha ndani kinachogawa sauti: nzito iende kwenye spika kubwa, maneno ya watu yaende kwenye ya kati, kali iende kwenye ndogo. Za dukani hakuzitaka. Alisema zimetengenezwa kwa ajili ya kila spika, kwa hiyo hazijui hata moja. Koili za waya wa shaba alizisuka kwa mkono wake, na wakati wa kujaribu hakupiga muziki. Alifungulia redio, mtu akisoma habari. Muziki, alisema, unaficha madhambi.

Maboksi yale mawili yalikuwa ya kwanza kubaki nyumbani kwao. Aliyafunga, wakasikiliza habari, msomaji akawa kama amevuta kiti akakaa nao.

Wiki ile haikuisha, mkewe akafa.

Mdogo wa marehemu, fundi wa karakana aliyofanyia kazi dada yake, anaitwa Besi kwa sababu kila redio anayoigusa huiongeza besi. Nyumba ikiwa bado imejaa wafiwa, aliyafungua maboksi. Mzee hakujua. Watu walipotawanyika akawasha redio, na msomaji alisikika kwa mbali, kama anasomea chumba cha pili. Mzee akadhani ni masikio yake, yamezeeka kwa majonzi. Kisha maneno yakamfikia: Besi anawaambia wateja kwamba dada alichanganyikiwa mwishoni, kafunga plasi kwenye mainasi, na yeye ndiye kamsitiri.

Kamsitiri. Neno hilo mzee alilirudia njia nzima, akisukuma boksi moja kwenye toroli mpaka karakana.

"Karibu, shemeji. Pole na..."

"Pole zako weka. Nani alikutuma ufungue boksi langu?"

"Nilirekebisha tu. Dada alikosea waya za spika ya kati. Alizigeuza."

"Kwenye maboksi yote mawili?"

"Yote mawili."

"Ulimwona lini akikosea kitu kilekile mara mbili?"

Wateja waliokuwa pale wakasogea karibu. Besi akacheka kidogo. "Shemeji, wewe ni mtu wa mbao. Umeme tuachie sisi."

"Mimi wa mbao, sawa. Yeye wa umeme. Umekula kwake, umejifunza kwake, kaburi halijakauka unamtangaza mwehu. Rudisha kama ulivyokuta."

Besi akageuza waya, akawasha redio. Msomaji akasogea mbele, akakaa nao palepale. Besi akageuza tena. Sauti ikarudi nyuma. Akageuza tena.

"Spika zinapopokezana sauti zilikuwa zinavutana," alisema polepole. "Kageuza ya kati ili ziende pamoja. Kwa nini hakuniambia?"

"Ulimuuliza? Kazi yako ilikuwa kumwambia aongeze besi."

Mteja mmoja akacheka. Mzee hakucheka. "Uliowaambia kachanganyikiwa, uwapitie mmoja mmoja."

"Nitawapitia, shemeji."

Boksi mzee alilifunga mwenyewe. Hasira haikumtoka. Alikuwa ameyalaumu masikio yake bure, na mkewe alishamwambia. Asubuhi ile, akikaza skrubu ya mwisho, alisema: "Siku ukisikia msomaji wa habari kahamia chumba cha pili, usihangaike na masikio yako. Jua kuna mjuaji kapita hapa."