Nilipotaka Paa Nalo Ling'ae

Minye (huku kwetu ndiyo mimi) ni mtu niliyeaibika mbele ya wagonjwa, na aibu hiyo ni mbaya kuliko aibu zote, kwa sababu mtu mzima akikucheka unaweza kumwambia afunge kinywa, lakini mgonjwa aliyelala juu ya kipoyi, kitanda cha kubebwa mabegani, akiinua kichwa akakutazama, kisha akakirudisha chini pole pole, utamwambia nini? Basi leo naandika mwenyewe, kabla Kashindi hajawasimulia tena kwa namna yake (kila mwaka anaongeza chumvi, sasa amefika mahali pa kusema nilivaa koti jeupe la munganga wa hospitali, uongo mtupu, nilivaa suti ya marehemu baba). Shule nilisoma miaka mitatu tu, mtanivumilia. Majina nitayataja bila kuogopa, maana wenye kosa nawajua: ni Sadiki, ni Kashindi, na kidogo, mkinilazimisha, ni minye.

Nianze na Sadiki. Wakati wa uasi alijiita Komanda Ngurumo, akafunga kipande cha ngozi ya nyani kichwani, lakini minye nilimjua tangu anaiba miwa katika shamba la mama. Siku moja aliingia uani kwangu na vijana wake wenye mikuki akachukua baisikeli yangu. Baisikeli! Niliipata kwa jasho la miaka minne ya kuendesha kamio, lori la pamba, kule bonde la Ruzizi, ilikuwa na taa, kengele, pampu yake yenyewe, na mke wangu Riziki alikuwa ameishonea kitambaa cha kiti. Akasema sasa ni ya mapinduzi. Miezi ikapita, jeshi la serikali likaanza kukaribia, Sadiki akarudi mbio na gari moja nyeupe, ndefu ya kwenda juu kama kabati, moteri inakohoa, esansi (petroli) imekwisha, akasema, "Mukubwa, tubadilishane. Baisikeli nimeizoea. Weye chukua hii." Akaondoka kwenda milima ya Bijombo akiisukuma baisikeli yangu. Nilimwuliza neno moja tu: mbona gari nyeupe na paa jeusi? Akajibu, "Lilikuwa linavuja, nimelipaka lami ya boti." Nikaamini. Mtu amekuibia baisikeli, halafu unamwamini habari ya paa, ndiyo akili yangu hiyo.

Siku zile ukiwa na gari kila mwenye bunduki alikuwa ndugu yako. Kwa hiyo nikatoa pine (magurudumu) zote nne nikazificha chini ya kitanda, nikaipaka gari matope yaliyochanganywa na mavi ya ng'ombe, nikaweka majani ya migomba juu yake, kuku wakahamia ndani, na kwa nje ikawa kama kichuguu kilichoota nyuma ya nyumba. Walioijua niliwaambia kwamba mzungu wa pamba aliniachia wakati wa dipanda, uhuru wetu, alipokuwa anakimbia kwao. Hata Riziki, aliyekuwa shambani siku Sadiki alipoileta, nilimwambia hivyo.

"Dipanda imepita miaka," akasema Riziki. "Gari ilikuwa wapi siku zote?"

"Kwa rafiki."

"Rafiki gani?"

"Sikiliza, kuku wanalia, nenda uangalie."

Alienda kuangalia kuku, na siku si nyingi akaenda Makobola kwa wazazi wake, eti mama anaumwa mgongo. Mgongo ule ulipona, Riziki hakurudi. Miezi mitatu nilikula ugali nilioupika mwenyewe (wanaoujua hawakuomba tena). Mwisho ukaja ujumbe wa baba mukwe. Yeye alikuwa katekista, na tangu vita vitulie kila Jumapili alihubiri juu ya vitu vya kupora, hata mtu mmoja akarudisha kiti cha kanisa akiwa amekibeba kichwani mchana kweupe. Ujumbe ulisema hivi: "Mwambieni mukwe wangu aje na hiyo gari. Kama ni yake, kwa nini ameipaka mavi? Aioshe, niione kwa macho, anieleze imetoka wapi. Akieleza vizuri, mke wake anapanda wanaenda. Akishindwa, akaendelee kukaa na kuku."

Haya. Nikaosha.

Nyumba yangu ilikuwa Kalundu, hatua chache na ziwa. Nikarudisha pine, nikawaita watu wakanisaidia kuisukuma mpaka majini, maji yakafika katikati ya pine, nikaanza. Ile mavi ilikuwa imekauka kama simenti ya nyumba ya mzungu, niliilowanisha, nikaikwangua na jembe la mkono, ikaanguka vipande vipande, samaki wakaja kuona kuna nini. Kuku niliwatoa mmoja mmoja wakinilaani. Ndani nikasugua kwa sabuni na majivu, viti nikavipiga limau, chini ya usukani nikakuta mayai sita (matatu yalikuwa bado mazuri). Pine nikazipaka mawese ziwe nyeusi, na hapo nikapoteza saa nzima kwa kufukuza mbwa wa jirani waliokuja kuzilamba. Lakini ilipofika saa nne, jamani, gari ilisimama pale majini nyeupe kama yai la bata, nikajiona kwenye mlango wake nikiwa na meno yote.

Ningeacha pale. Mtu mwenye akili angeacha pale, avae suti, aende akamchukue mke wake. Ila nikakumbuka kwamba nyumba ya baba mukwe imejengwa juu ya mteremko, njia inapita chini yake, kwa hiyo kabla hajaniona minye, kabla hajaona milango na pine zangu za mawese, kitu cha kwanza atakachoona ni paa. Na paa lilikuwa jeusi la lami, limejaa manyoya na mavi ya kuku. Nikasema hapana, paa nalo ling'ae.

Sasa minye ni mfupi. Gari ile hata nikisimama kwa vidole silioni paa lake. Ndipo nikamwita Kashindi, mtoto wa baba mdogo, mvuvi, mrefu kama mlingoti, nikampa kidogo ile esansi niliyonunua kwa safari, ya kulainisha lami na kumwambia alisugue kwa mchanga wa ziwa, vile mama zetu wanavyosugua sufuria mpaka unajiona ndani yake. Akapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akasugua. Akasugua sana. Katikati akasimama, akapiga mluzi mdogo, akanichungulia kule chini, akarudi kusugua kwa nguvu kuliko mwanzo. Aliposhuka alisema, "Yaya, kaka yangu, imekwisha. Sasa hata Mungu akichungulia ataona."

Nikamshukuru! Nikampa na yale mayai matatu.

Nikavaa suti ya baba (marehemu alikufa kwa risasi iliyokuwa inapita njia yake, haikumtafuta yeye, hivyo ndivyo walivyotuambia wale walioipiga), nikashika njia ya Makobola. Mnaijua njia ile, ziwa upande huu, mlima upande huu, na watu wako juu kwenye mihogo yao wanakutazama. Sikufika mbali nikaona mama mmoja anatupa jembe na kuanza kupunga mikono. Nikampungia. Mbele wakasimama watatu, wakapunga, wakaanza kuteremka mbio. Moteri ilikuwa inapiga kelele kama kinu, sikusikia wanasema nini, niliona tu vinywa na mikono, nikajisemea, ona kazi ya sabuni. Nikapunguza mwendo wanione vizuri. Nikatoa mkono dirishani nikaupunga polepole, kama chefu wa sekta, yule mtawala.

Kwenye barieri, kizuizi cha askari, ndipo nilipopotea kabisa. Pale watu walikuwa wanakaa nusu siku, wanafunguliwa mizigo hadi mikungu ya ndizi. Askari mmoja alikuwa amekaa juu ya mwamba, akanitazama ninavyokuja, akasimama, akapiga saluti, na mwenzake wa chini akainua mti bila hata kuniuliza karatasi. Saluti, minye! Tangu uhuru sikuwahi kupigiwa hata salamu na mtu mwenye kofia. Nikamrudishia kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na usukani. Nikaenda nikiimba.

Nikafika. Nikasimamisha gari chini ya nyumba, nikashuka, nikanyoosha koti. Juu ukingoni alikuwa amesimama baba mukwe, pembeni yake mama mukwe, na nyuma yao Riziki. Wote watatu hawakunitazama minye. Walitazama paa. Nikasema moyoni, mchanga umefanya kazi.

Nyuma yangu nikasikia watu wanahema. Wale wa mlimani walikuwa wamefika, kumbe kwa mwendo wangu ule wa kujionyesha waliweza kunifuata mbio njia nzima, mama na mtoto mgongoni, wanaume wanne na kipoyi chenye mzee amefunikwa blanketi, na bwana mmoja ameshika shavu.

"Munganga iko wapi?" akauliza wa shavu.

"Munganga gani?"

"Si weye shofere wake, unayemwendesha?"

Hapo nikakasirika. "Minye si shofere. Minye njo mwenye gari, gari ni yangu."

"Aa, basi njo weye munganga," akasema, akafungua kinywa chote mbele ya suti yangu. "Angalia hapa. Ya nyuma. Iko inanisumbua tangu uasi."

"Mukwe," baba mukwe akaita kutoka juu, kwa sauti ya kanisani. "Panda huku."

Nikapanda.

"Geuka."

Nikageuka. Paa lilikuwa linang'aa, kweli kabisa, jeupe peee, na katikati yake msalaba mwekundu mpana kama godoro, umepakwa pale ili ndege za vita zisiipige gari ya wagonjwa. Jua lilikuwa limeupiga sawasawa. Hata Mungu angeona.

Baba mukwe akakohoa. "Mukwe wangu. Yule mzungu wa pamba, alikuwa anachoma pamba sindano?"

Riziki akajiziba kinywa kwa kitenge, ikashindikana, akakaa chini. Mama mukwe, ambaye kwa desturi yetu hawezi kumcheka mukwe wake machoni, alijitia ndani ya nyumba haraka akafunga mlango, nikawa namsikia kupitia ukuta. Walio chini nao wakaanza, hata wa shavu, anacheka huku analia. Laiti kingeishia hapo kicheko. Ila yule mzee wa kipoyi akainua kichwa, akanitazama, akauliza taratibu, "Kumbe hakuna munganga?" Akalala tena. Na kicheko kikafa chote, kwa sababu walikuwa wametoka naye kijijini kwao jana, wanambeba mabegani kwenda dispansere, zahanati ya misheni, njia ya Fizi, mbele huko, na walipouona ule msalaba kutoka juu walidhani kuna mtu amewakumbuka.

"Ni Sadiki," nikasema. "Baba, ni Sadiki aliyeiiba, si minye. Alininyang'anya baisikeli yangu..."

"Sadiki alikunyang'anya baisikeli, sote tulisikitika," akasema baba mukwe. "Sasa weye ulimnyang'anya nani?"

Nikamtazama yule mzee. Niliificha gari ile karibu mwaka mzima ili kuku walale pazuri.

Riziki akawa amekwisha kushuka. Hakunitazama, alifungua mlango wa nyuma, akapanda, akawanyooshea wale wanaume mikono ili wampe mzee. "Mleteni. Taratibu, kichwa kwanza. Weye wa jino, panda mbele."

"Binti," baba mukwe akasema, "hajaeleza bado."

"Ataeleza njiani," Riziki akajibu. "Shofere, washa."

Nikawasha. Shofere, basi. Tukaenda mpaka ile misheni, na nikaeleza njia nzima, yote, huku nyuma wagonjwa wanasikiliza na kuuliza maswali ("Na kuku walikuwa wangapi?"). Pale dispansere alitoka sista mmoja mzee, akapapasa gari kama mtu anayepapasa ng'ombe wake aliyepotea, akainama penye pine, akanusa, akauliza kwa nini zinanuka mboga. Nikampa ufunguo kwa mikono miwili. Akasema asante. Neno hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Tukarudi kwa miguu, Riziki na minye, tukalala Makobola, kesho yake tukaendelea hadi Kalundu. Alinibebea koti. Hakuniambia kama amenisamehe, ila tulipokaribia barieri aliniuliza, "Mzungu wa pamba hajambo?" na mpaka leo, nikichelewa kurudi, nikileta maneno yasiyoeleweka, swali ni hilo hilo. Yule mzee alipona, akaishi sana, na kila akinikuta sokoni aliniita Munganga mbele ya watu akiomba nimpime mapigo. Na Kashindi nilipomfuata kwa hasira, kwa nini aliuona msalaba akanyamaza, alinijibu akiwa anatengeneza wavu wake, "Yaya, gari ni yako, nilifikiri unaijua."

Tangu siku ile sijaosha kitu ambacho sijui chini yake kuna nini, na paa la mtu mwingine silisugui hata nikilipwa. Lakini gari nilirudisha, mashahidi wapo, wengine bila meno. Baisikeli yangu hakuna aliyeirudisha. Kwa hiyo weye Sadiki, kama uko hai, kule Bijombo au ulikofichama, ilete. Hata kama imeliwa na kutu, hata kama kengele haipo. Wala usijisumbue kuiosha, ilete vile vile ilivyo.