Kamba Zisizo na Mtu

Nakumbuka Ijumaa moja ya masika, mwanangu, nimesimama katika zahanati ya Mpapura, mkono wa simu sikioni, na upande wa pili rafiki yangu ananiambia hana kamba. Nitakueleza maana yake. Kaa kitako, hicho kisimu chako kiweke mfukoni, unisikilize mpaka mwisho. Nawajua ninyi, mzee akianza kusimulia mnaanza kutazama mlango.

Nimelitoa hili kwa ajili yako. Juzi ulipokuja ulinieleza kazi yako, na nilikuelewa, usidhani sikukuelewa. Ulisema ndani ya kompyuta, chini ya programu zote, ipo programu moja mama, mnaiita kiini, nayo ndiyo inayozigawia programu nyingine nafasi ya kumbukumbu zifanyie kazi. Programu ikimaliza, nafasi irudi. Lakini mahali fulani katika msimbo wa kiini chenu, hayo maandishi mnayoiamuru kompyuta, pana kosa: nafasi inachukuliwa hairudi, kidogo kidogo, mpaka kompyuta nzima inaganda, na ukitazama ndani hakuna anayefanya kazi yoyote. Nikakuuliza, sasa mnafanyaje? Ukacheka. Ukasema, "Bibi, kila Jumapili tunaizima tunaiwasha. Inakuwa safi kabisa." Nikakuuliza kompyuta hizo ziko wapi. Ukasema hospitali.

Wewe ulicheka, mie nikaingia jikoni nikalia, ukadhani ni vitunguu.

Sasa sikiliza. Nilipokuwa msichana nilikuwa opereta wa simu. Jina la kituo nitaliacha, wenyewe wana wajukuu na sitaki maneno. Nilikuwa nakaa Chuno kwa shangazi, naenda kazini kwa miguu, ushungi umepigwa pasi, najiona mtu. Enzi hizo simu haikujiunganisha yenyewe. Mbele yetu ulisimama ubao wenye matundu, kila tundu ni simu ya mtu: duka la Mikindani, ghala la korosho, hospitali, zahanati za vijijini. Mezani zilipangwa kamba, mbili mbili. Mtu akipiga, unachomeka kamba moja kwenye tundu lake, unamuuliza anamtaka nani, ya pili unaichomeka kwa huyo anayetakiwa. Wanaongea. Wakimaliza unazichomoa zote mbili, zinarudi mezani kumngoja mwingine. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, wala haikutaka shule kubwa.

Shida ilikuwa kwenye kuchomoa. Mtu akimaliza kuongea alitakiwa azungushe kishikio cha simu yake, ili kibati kidogo kianguke ubaoni tujue amemaliza. Nani azungushe? Watu wetu wakishaagana waliweka simu chini wakaenda zao. Basi ikabaki opereta mwenyewe aingie kwenye laini aulize, "Mmemaliza?" Na hilo, mwanangu, sisi hatukulifanya, maana hatukulelewa hivyo. Unayajua maagano ya kwetu: mtu anaaga, anakumbuka hajamuulizia mama mkwe, anaanza upya; anaaga tena, anakumbuka kuna msiba Mikindani. Sasa wewe binti mdogo utie sikio katikati ya mazungumzo ya watu wazima, uwaulize kama wamemaliza? Aka! Ungeambiwa huna adabu, na mama yako angetajwa. Kwa hiyo kamba tuliziacha zilivyo, kwa heshima. Zamu ikiisha, aliyekaa ananyanyuka, anamwambia anayeingia, "Nimekuachia salama," anakwenda zake. Anayeingia anazikuta kamba zimechomekwa, hajui ipi ina watu ipi haina. Kuchomoa anaogopa, asije akamkata mtu katikati ya neno. Naye anaziacha, anaongeza za kwake.

Msimamizi wetu, Mzee Athumani, alikuwa na dawa yake. Kila siku mchana alikuja, akavua koti, akachomoa kamba zote kwa mpigo. Tuliita kufagia. Kama kulikuwa na mtu anaongea kweli, shauri yake, atapiga tena. Ubao unabaki mtupu, mzee anajipangusa mikono. "Mmeona? Safi!" Kufika alasiri kamba zimekwisha tena. Siku moja nilimuuliza kwa nini tusiulize laini moja moja. Akanitazama toka juu mpaka chini. "Binti Somoe, unataka kusikiliza siri za watu?" Chumba kizima kikacheka, nami nikafunga mdomo, maana nilikuwa mgeni kazini. Yeye akaomba tuletewe ubao mkubwa zaidi, eti mji umekua. Ubao ukaja, tukaufurahia kama watoto wa Idi. Ukajaa vilevile, ila ulichelewa kidogo kujaa.

Haya. Dada yangu Hadija ndiye bibi yako hasa, aliyemzaa mama yako. Mimi unayeniita bibi ni mdogo wake. Alikuwa ameolewa Mpapura, kwa mkulima wa korosho, shemeji yangu Bakari. Hadija alikuwa na maneno, wewe umemrithi. Kila aliponiona na nguo za kazi hakuniacha. "Haya, bibi simu, niunganishe na huko juu nikaulizie mvua!" Mimba yake ya kwanza ilipokaribia kufika mwisho niliomba ruhusa kazini, nikaenda kukaa naye.

Ijumaa hiyo uchungu ulimshika alfajiri. Mtoto akazaliwa pale zahanati kabla ya adhuhuri, wa kike, analia kwa nguvu zote, tukapiga vigelegele. Hatujamaliza, mkunga akatunyamazisha kwa mkono. Kondo la nyuma lilikuwa halijatoka, na damu haikomi. Mkunga alikuwa mama wa Kimakua, mpole, sijapata kumsikia akipandisha sauti, na hata hapo hakupandisha. Alinambia, "Ita gari la hospitali. Hapa mimi siwezi." Barabara ilikuwa tope tupu, lakini Landrova ya hospitali ilikuwa inapita. Ikiitwa saa ile, itafika. Hilo tulilijua sote.

Nikazungusha simu. Aliyepokea kule kituoni alikuwa Anastazia, rafiki yangu wa zamu, binti wa watu waliovuka mto Ruvuma kukimbia vita vya kwao. Opereta alikuwa na kamba yake moja ya kumsikia mpigaji, lakini hiyo ilikuwa ya kupokea tu, haikuweza kupiga kokote wala kumuunganisha na mtu.

"Anastazia, mimi Somoe, niko Mpapura. Nipe hospitali upesi, Hadija anatoka damu."

Akasema, "Somoe mwenzangu, kamba zimekwisha."

"Zimekwisha vipi?"

"Zote zimechomekwa, nimezikuta hivi. Mzee Athumani yuko msikitini, hajafagia."

"Chomoa yoyote!"

"Ya nani, Somoe? Kama ni daktari anaongea? Kama ni mtu ana mgonjwa wake, kama wewe?" Na hapo akaanza kulia.

Nikamwambia aingie aulize. Akasema msimamizi amekataza, halafu ataanza na ipi, halafu akasema ngoja, ngoja, namtuma mlinzi. Mlinzi alikwenda hospitali kwa baiskeli, maskini, kwa mvua ile. Lakini alipofika, dereva naye alikuwa ameondoka, kwanza atafutwe.

Nilirudi ndani. Hadija alikuwa amelala, midomo imekuwa myeupe, mtoto yuko pembeni yake. Akanambia, "Bibi simu, wamesemaje?"

Nikasema gari linakuja.

Akatabasamu. "Basi sina wasiwasi. Si wewe ndiye mwenye simu?"

Landrova ilifika alasiri. Dereva aliposhuka na kututazama nyuso zetu alivua kofia, akakaa kwenye ngazi ya zahanati. Wallahi, mwanangu, nimezika wazazi, nimezika mume, lakini siku ile ndiyo ninayoamka nayo. Wapo wanaosema muda unaponya. Labda unawaponya wao.

Baada ya maziko shemeji Bakari alinijia nyuma ya nyumba. Hakuwa na hasira, heri angekuwa nayo. Alikuwa mtu wa shamba, hajapata kuuona huo ubao, alitaka kuelewa tu. "Shemeji," akanambia, "ulisema kamba zote zilikuwa na watu. Ni watu gani hao walioongea asubuhi yote, hakuna hata mmoja aliyemaliza?"

Niliporudi kazini sikumsalimia mtu. Nilikaa kwenye ubao, nikavaa kisikilizio, nikaingia kamba ya kwanza. "Mmemaliza?" Kimya. Nikaingia ya pili. "Mmemaliza?" Kimya. Ya tatu ilikuwa ya duka ambalo nilijua mwenyewe kasafiri tangu juzi. Kila niliyoiingia ilikuwa tupu, hewa inavuma tu, na kila moja niliichomoa nikaiweka mezani, maana kila moja ingeweza kuwa ya Hadija. Wenzangu walisimama nyuma yangu, hakuna aliyecheka safari hii. Kwenye ubao mzima nilikuta kamba moja tu yenye watu. Walikuwa wazee wawili, wanazungumza habari za nazi. Niliwauliza, "Samahani, wazee wangu, mmemaliza?"

Mmoja akajibu, "Bado, binti. Tupe dakika kidogo."

Basi! Hakutukana, hakumtaja mama yangu. Tuliogopa miaka yote kumuuliza mtu swali ambalo angelijibu kwa upole kiasi kile. Nilivua kisikilizio nikalia mbele za watu, nikalia mpaka Mzee Athumani akatoka chumbani kwake. Alitazama zile kamba zimejaa mezani, akakaa kwenye kiti bila kuvua koti. Hakusema "safi" tena tangu siku hiyo.

Utaratibu ukabadilika. Uliyechomeka ndiye utakayechomoa, na hunyanyuki kitini mpaka umemwonyesha anayeingia: hizi zina watu, sasa ni zako, uzirudishe wewe. Haikuchukua muda tukaona ule ubao mkubwa tulioulilia hatuuhitaji, nusu ya kamba zake zikashika vumbi. Kumbe kamba zilikuwepo siku zote. Unadhani nilifurahi? Nilikuwa nikizitazama zile kamba zilizolala mezani namwona Hadija. Anastazia hakuweza hata kuzitazama, aliacha kazi, na nchi yao ilipopata uhuru akavuka mto akarudi kwao. Hatukuonana tena. Shemeji alinipa mtoto nimlee, tukampa jina la mama yake. Mama yako anajua mamaye alifariki uzazini, lakini habari ya kamba sijapata kumwambia. Nimekwambia wewe.

Sasa nasaha zangu ni hizi, na sina nyingine. Kuzima na kuwasha ndiko kule kufagia kwa Mzee Athumani. Usiniambie mmetengeneza. Wala msikimbilie kununua kompyuta yenye kumbukumbu kubwa zaidi, itajaa tu, itachelewa kidogo. Ingia mwenyewe katika huo msimbo, kila mahali nafasi inapochukuliwa uulize: anayechukua hapa anarudisha wapi? Na kazi ikikatikia njiani, ikashindwa, nani atarudisha? Kazi ikitoka mkono huu kwenda mkono ule, anayepokea ameambiwa kwamba sasa ni juu yake? Usichomoe kwa hasira bila kuuliza, maana kuna siku laini ina mtu kweli, naye ukimkata umemuua vilevile. Uliza moja moja. Itakuchosha, wenzako watakucheka, mkubwa wako atakuuliza unatafuta nini. Tafuta tu. Na usimwonee haya mtu aliyeuandika huo msimbo kabla yako, hata kama ni mkubwa kwako, hata kama unamheshimu. Muulize kama amemaliza.

Sikudanganyi kwamba ukifanya hivyo moyo utatulia. Wangu haukutulia. Nimekwambia kwa kuwa mahali fulani leo yupo mkunga amesimama mbele ya kompyuta yenu, anangoja, na nyuma yake kuna mtu kitandani anayemwamini.

Haya, nyanyuka, mwanangu, usichelewe. Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuiona hiyo sehemu, na subira ya kutoiacha mpaka umeipata. Akupe wakubwa wanaosikia wanapoulizwa. Na yeyote atakayekuita akiwa na mtu wake anayekufa, Mungu amjaalie akute kwako nafasi. Jumapili hii wakikwambia uizime, waambie bibi yako Hadija bado anasubiri kwenye laini.