Resori Laini kwa Mgongo wa Mama

Niliondoka nchi hii kwa miguu. Nilipita mpaka wa Bunagana nikiwa na fulana moja na kopo la maharage mabichi. Nilirudi kupitia Bunagana ileile nikiendesha gari langu mwenyewe, usukani upande wa kulia kama magari yote yanayotoka Uganda, na kwenye kiti cha nyuma, ndani ya bahasha ngumu, ilikuwemo diploma yangu ya ufundi wa magari. Mtu wa forodha alinitaka nifungue bahasha. Niliifungua kwa furaha, nikamsomea na muhuri.

Hakuna aliyenilipia masomo yale. Mchana nilisafisha injini za watu kwa dizeli huko Kampala mpaka ngozi ya vidole ikachunika, jioni nikakaa darasani na vijana waliosogeza viti vyao kwa sababu ya harufu yangu. Mtihani wa mwisho niliwapita wote. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba magari nayajua. Kosa nitakalolieleza hapa si kosa la mtu asiyesoma.

Diploma hiyo sasa imetundikwa sebuleni kwetu, mtaa wa Ndosho, Goma. Kioo cha fremu kimepasuka mara mbili kwa mtikisiko wa mabomu. Mara mbili nimekibadilisha.

Mama yangu alivunjika mgongo katika vita vya kwanza nilivyoviona kwa macho yangu. Tulikuwa tumepanda juu ya lori, kwenye njia ya Rutshuru, watu wengi kuliko magunia, na katika kona moja akateleza akaanguka. Lori halikusimama. Waliokuwa wanakuja nyuma kwa miguu ndio waliomwokota. Tangu siku hiyo alikaa ameinama upande wa kushoto, kama mtu anayesikiliza kitu ukutani.

Niliporudi nilipata kazi ya kusimamia magari ya ofisi moja kule Himbi. Nikajenga nyumba, nikaoa, tukapata watoto wawili, nikamtoa mama kwenye chumba cha kupanga nikamleta kwangu. Nikajiambia kwamba mwanamke huyu hatapanda tena pikipiki ya mtu. Siku mbili kwa wiki atakwenda hospitali kunyooshwa mgongo, Jumapili atakwenda misa, na atakwenda kwa gari la mwanawe.

Lakini mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano. Ukitoka tu kwenye lami, gari linapanda mgongo wa jiwe, linashuka, linapanda jingine, na mawe hayo ni meusi, makali, hayajui kusagika. Kila gurudumu lilipogonga, mama aliuma ncha ya kitenge chake. Hakulia, hakuniambia niende polepole. Tulipofika kanisani ncha ile ya kitenge ilikuwa imelowa mate, naye aliikunja ndani ili nisiione. Niliiona.

Basi nikaamua kubadilisha resori, yaani zile springi zinazobeba gari, pamoja na vile vyuma virefu vyenye mafuta ndani ambavyo Kampala tuliviita shokomzoba na hapa tunaviita amortisere.

Watu wa Goma wanachagua resori kama wanavyochagua kufuli: inayoonekana nene kuliko zote. Resori nene haikubali jiwe. Inalichukua jiwe lile na kulikabidhi kwa kiti, na kiti kinalikabidhi kwa uti wa mgongo. Resori laini inalimeza. Ila ukiweka resori laini na amortisere dhaifu, gari linabaki linapepesuka baada ya kila shimo na watoto wanatapika. Lazima viwili hivyo vipatane. Nilichukua daftari la shule nikaandika uzito wa kila mtu wa nyumba yangu: mama, mke wangu, watoto wawili, mimi. Nikaongeza kapu la sokoni. Nikapiga hesabu jinsi nilivyofundishwa, nikaagiza Kampala resori laini kidogo kuliko zile za kiwandani na amortisere za mafuta zinazorudi taratibu. Sidhani kama wakati ule kulikuwa na mtu mwingine mjini mwetu aliyechagua resori kwa kalamu.

Kuzifunga nilihitaji chombo cha kubana resori, na chombo hicho alikuwa nacho fundi mmoja wa Birere, mtu mfupi mwenye jicho moja linalotoa machozi muda wote kwa sababu ya kuchomelea bila miwani. Alizigeuzageuza resori zangu mkononi kama mtu aliyeuziwa samaki laini.

"Hizi ni za kubeba nini, papa?"

"Mama yangu."

"Peke yake?"

Nilimweleza hesabu yangu. Nilimwonyesha na daftari. Akalitazama kwa lile jicho zima.

"Sikuulizi barabara, Papa Diplome. Nakuuliza batu. Siku ya kukimbia, mutakuwa bangapi mu gari?"

"Tuko batano."

Akacheka mpaka wenzake wakatoka chini ya magari. "Munasikia? Batano! Na jirani atapanda wapi? Kwa diplome?"

Yeye alitaka kuweka mipira. Ndiyo desturi yao pale Birere: wanakata vipande vinene vya tairi la lori na kuvibana katikati ya mizunguko ya resori, ili gari lisikae chini hata likipakiwa watu kama mahindi. Karibu kila gari la familia mjini linayo. Likiwa tupu linaruka kama mbuzi. Nilimwambia kwamba mipira inaua resori, kwamba hilo limeandikwa kitabuni, na kwamba mimi nilinunua raha, sikununua mkokoteni.

"Sawa, papa. Raha ni yako," akasema, akafunga resori zangu kama zilivyo, na nakiri alizifunga vizuri.

Siku iliyofuata nilimpa mama kikombe cha chai ya maziwa, kimejaa, nikamwambia akishike. Tulitoka nyumbani kwa njia ya mawe mpaka kwenye lami ya Katindo. Nilikuwa natazama kioo, natazama barabara, natazama kioo. Chai haikumwagika hata tone. Tulipofika aliinywa yote, kisha akasema, akiniita baba kama mama zetu wanavyowaita wana wao, "Papa, ni kama gari limevaa masoksi." Siku ya pili yake alilala usingizi njiani. Mama yangu, ambaye hakuwahi kulala ndani ya kitu chenye magurudumu tangu lile lori, alilala mdomo wazi, na ncha ya kitenge ilikuwa kavu juu ya magoti yake.

Miezi ile nilikuwa mtu. Kwenye avenyu yetu, mtaani, nilisimamishwa nieleze resori zangu. Nilieleza. Mke wangu alisema naeleza hata kwa wasiouliza, na pengine ni kweli.

Kisha vita vikarudi. Dada yangu alitoka Masisi, akakaa Sake kwa muda, Sake nayo ikakimbiwa, akatufikia na watoto wanne na godoro moja. Tukawa kumi. Sikufungua tena lile daftari. Nilijiambia ni wageni, wataondoka.

Asubuhi moja, uji ukiwa bado mezani, mabomu yalianguka karibu kiasi kwamba hakuna aliyengoja kuona yatakapoanguka tena. Niliwasha gari. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nilikijua tangu utotoni na nilikisahau Kampala. Kwetu, siku ya kukimbia, gari si la mwenye gari. Hakuna anayeomba. Milango inafunguliwa na watu wanaingia, kama sisi tulivyopanda lile lori bila kumsalimu dereva. Aliingia mama jirani mwenye mimba, akaingia mama mkwe wake, wakaingia mtu wa kona anayeshona viatu na mke wake. Mtu akarusha magodoro juu. Mwingine akafunga sufuria. Mama alikuwa kati yao, amebanwa, na kila aliyeingia alimsikia akisema, "Karibu, ingia, kuna nafasi."

Tulikuwa kumi na wanne. Nilisikia resori zikishuka. Zilishuka polepole, bila kelele, jinsi resori nzuri zinavyoshuka, mpaka zikafika mwisho, na chuma kikakaa juu ya chuma.

Barabara kubwa ilikuwa imefunikwa na watu, ng'ombe na pikipiki. Nikakata kwa njia za ndani kuelekea ziwani, Kituku, ambako tulitumaini kupata mtumbwi wenye injini. Njia za ndani ni mawe matupu. Kila jiwe liliingia moja kwa moja. Hapakuwa na resori tena, hapakuwa na amortisere, ilikuwa kama tumekaa kwenye bati. Sikuweza kumwona mama kwenye kioo kwa sababu ya vichwa. Nilimsikia. Safari ile hakuuma kitenge, au alikiuma na sauti ikapita.

"Punguza," mke wangu alisema.

"Nikipunguza zaidi tutasimama."

Tulisimama. Tumbo la gari lilikaa juu ya jiwe moja la upana wa meza, na mafuta ya injini yakaanza kutoka. Wote walishuka. Tulimtoa mama mwisho, dada yangu akimshika mabega na mimi miguu, na tulipomtoa gari likainuka lenyewe, taratibu, likasimama kwenye kimo chake kizuri kana kwamba hakuna kilichotokea. Nalikumbuka kuinuka kule kuliko ninavyokumbuka mabomu.

Mwanamume mmoja alikuwa anashuka na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea viazi na makaa. Alitupa gunia lake kando bila kuombwa.

"Mulaze hapa."

Tukaweka godoro juu ya mbao, tukamlaza mama juu ya godoro.

"Mama, shika hii mikono ya mbao," yule mtu akamwambia. "Hii haiko na kiti. Iko na Mungu tu."

"Basi asiikimbize sana," mama akajibu, na watu wakacheka, katikati ya yote yale wakacheka.

Mtumbwi hatukuupata. Tulikaa siku tano kwenye uwanja wa kanisa karibu na ziwa, kisha milio ikapungua tukarudi. Nyumba ilikuwepo. Gari lilikuwepo juu ya jiwe lake, limeibiwa betri tu. Lakini mama hakusimama tena bila kushikwa, na mguu wa kushoto haukusikia moto wala maji. Daktari alisema mgongo ulikuwa umeshikilia kwa kidogo, na kidogo hicho kimekwisha. Nilimwuliza kama ni chukudu au ni gari. Alisema hilo haliwezi kujulikana. Mimi najua.

Nilirudi Birere. Yule fundi alinitazama, hakuniita Papa Diplome. Aliuliza swali lake lilelile, polepole.

"Mulikuwa bangapi?"

"Kumi na bane."

Akachukua kisu, akaanza kukata tairi.

Hesabu yangu haikuwa na kosa, nalisema mpaka leo. Kwa watu watano zile ni resori bora kuliko zote zilizowahi kuingia mji huu. Na kwa sababu sikusoma bure, nilitafuta njia. Mipira ile inaweza kutolewa bila kufungua resori, ukiinua gari kwa jeki na kuifinya kwa nyundo ya mbao. Fundi hakuwahi kufikiria kuitoa. Kwake mipira ikiingia imeingia. Mimi kila Jumamosi alasiri niliinua gari, nikatoa mipira minane, na Jumapili mama akabebwa mpaka kitini, akaenda misa juu ya resori laini. Jumapili mchana niliirudisha. Dakika arobaini kutoa, zaidi kidogo kurudisha. Nilifanya hivyo karibu mwaka. Mama alisikia jeki kutoka dirishani kwake na Jumamosi hizo alikula vizuri.

Kisha ikaja Jumamosi nyingine. Tangu Alhamisi tulikuwa tunasikia milio upande wa Kibumba. Kwenye avenyu watu walikuwa wameshafunga vifurushi na kuviweka barazani, na waliopita walilitazama gari langu kabla ya kunisalimia. Nilitoka na jeki.

"Papa, unafanya nini?" Mama, dirishani.

"Natoa mipira, mama. Kesho ni misa."

"Acha."

"Kesho saa sita nitakuwa nimesharudisha."

"Na kama banafika saa tatu?"

Nilimwambia naweza kutoa ya nyuma tu, upande wake tu. Nilimwambia nimepiga hesabu mpya, nikaanza kumweleza.

"Yule mama jirani iko na mimba tena," alisema. "Atapanda juu ya nini, juu ya hesabu? Acha mipira, mwanangu. Mungu anajua nyumba yetu iko wapi." Akashusha pazia.

Jumapili tulikwenda misa bila yeye. Gari lilikuwa jepesi, na mipira ililirusha kutoka jiwe hadi jiwe, meno yetu yakagongana. Niliyahesabu mawe yale yote kwa mgongo wangu. Wiki ile wapiganaji hawakufika. Wiki iliyofuata pia hawakufika, lakini hawakwenda mbali, na tangu hapo haijapita wiki ambayo mtu angesema kwa uhakika kwamba wamekwenda mbali.

Sasa katekista anamletea komunyo chumbani. Jumamosi alasiri mama anasikiliza, na asiposikia jeki ananiita aulize kama mipira imo. Namjibu imo. Anasema vizuri, na anageuza uso ukutani apumzike.