Posa yangu na jaji mpya

Posa yangu imevunjwa leo na jaji ambaye hata simjui.

Washenga wa Hamisi wametoka Kibiti hadi kwetu Mahege. Mimi nipo chumbani, nasikiliza nyuma ya pazia.

Redio ikatangaza Rais kateua jaji mpya Mahakama ya Rufani.

Baba, kada wa chama tawala, akasema, "Alhamdulillahi, haki imepata mwenyewe."

Mshenga mmoja, mtu wa upinzani, akajibu, "Haki ya chama chenu hiyo, mzee wangu."

Baba akasukuma kikombe. "Basi katafuteni mke kwenye chama chenu."

Wakaondoka, kahawa haijanywewa.

Jamani, baba alishakubali tangu jana. Alikuwa anasubiri taarifa ya habari iishe ndiyo awajibu.

Hamisi anapiga simu. Nimwambie nini?