Insha yangu ya uhakiki ilirudishwa, nikaishia kumuuliza mama kile kiuno kilikuwa cha nani

Wakuu, habari za muda huu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Mwanza, sijahadithiwa na siongezi chumvi. Walimu wa fasihi mliomo humu mnisome kwa huruma.

Nasoma ualimu mwaka wa pili, nimepanga chumba Mkolani. Muhula huu tuna kozi ya fasihi simulizi. Madam anayetufundisha alitupa kazi moja: chagua wimbo wa kwenu, uuhakiki.

Nikasema huu mteremko. Uhakiki nimeukariri tangu sekondari. Dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, halafu fani. Unajaza tu kama unajaza debe.

Mama yangu yuko Misungwi. Nikamwomba wimbo waliokuwa wakiimba na wenzake wa kikundi wakipalilia pamba, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Akanitumia voice note, ameimba Kisukuma, kuku wanasikika nyuma.

Nikatafsiri, nikaandika. Dhamira: umoja na kazi kwa bidii. Migogoro: hakuna. Nikakusanya kifua mbele.

Insha ikarudi na alama za aibu. Chini Madam kaandika: "Toa wimbo huu, weka wimbo mwingine wowote wa kilimo. Insha yako itaharibika wapi?"

Nilikasirika, sikatai. Ila swali likaninasa. Nikachukua wimbo wa jirani yangu Mkerewe, nikaupachika kwenye insha yangu nione. Haikuharibika popote.

Madam alikuwa ametoa nafasi moja tu ya kurekebisha. Nikiikosa, alama za coursework hazifiki, na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, nitaisikia kwa wenzangu.

Nikausikiliza tena, safari hii bila kutafuta dhamira. Kuna mahali kiongozi anaimba, "Kuna kiuno kimelala kule nyuma." Wenzake wanaitikia, "Kipelekeeni mkeka." Wanarudia mpaka unamwonea huruma mwenye kiuno.

Sasa umoja gani huo wa kumsimanga aliyechoka? Nimeandika hakuna migogoro, kumbe mgogoro ndio kiitikio chenyewe.

Nikaandika upya. Hoja yangu ikawa kwamba wimbo huu hausifu umoja, unawaburuza watu kwa aibu. Wakuu, nilijiona profesa kabisa.

Nilibakiwa na udadisi mmoja tu. Nikampigia mama kabla ya kukusanya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wimbo wangu umepata ngapi?"

Nikalikwepa hilo. Nikamuuliza kile kiuno kilikuwa cha nani.

Akacheka. "Changu. Nilikuwa na mimba yako."

Kurasa zote zile namtetea mtu nisiyemjua, kumbe nilikuwepo shambani, tena ndimi niliyemchelewesha.

Nikamuuliza kama aliumia.

"Niliumia. Nilitaka niache jembe pale niende nyumbani. Nilipoinua macho nikaona mstari wangu kwa mbele umeshapaliliwa. Wa kulia na wa kushoto walikuwa wananipunguzia, na huku wanaimba hivyo hivyo."

"Si wangesema tu kwamba wanakusaidia?"

"Wangesema ningekataa. Na kesho yake kila mtu angejidai kachoka."

Basi hoja yangu ya uprofesa ikafa palepale, na kwa kiasi nilisikitika, maana ilikuwa imeandikwa vizuri.

Nikaanza tena. Safari hii nikasema kwamba mdomo wa waimbaji na mikono yao havikuwa vinasema kitu kimoja, na anayesoma maneno peke yake atapotea kama nilivyopotea mimi. Lakini ile aibu sikuifuta, maana mwenye kiuno mwenyewe kasema aliumia.

Coursework imefika, UE nafanya. Nimefurahi mno, siwezi kuficha.

Nilichojifunza: kanuni tulizokariri si mbaya, ila zinakupa jibu kabla hujautazama wimbo. Na ukishapata hoja inayokufurahisha sana, hapo ndipo pa kuuliza swali moja zaidi.

Ningeishia hapa, ila Madam alirudisha insha na swali jingine pembeni: "Je, kila aliyeimbiwa hivyo alilimiwa?"

Nikampelekea mama swali kama lilivyo. Akataja jina la mwanamke mmoja wa kijijini kwetu, ambalo humu sitaliandika.

"Yule tulimwimbia tu," akasema. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Wajita, Wahaya, Wakerewe, Wasukuma wenzangu, na wengine wote mliokulia kwenye jembe, njooni. Kwenu aliyebaki nyuma alikuwa anaimbiwa nini? Na nani alikuwa halimiwi?