Mkaa Ulionuka Komoni

Siku serikali iliponiita mtafiti, nilikuwa nimebeba gunia la makapi ya kahawa kichwani na shingo inaniwasha. Tarishi wa kata alinikabidhi barua palepale njiani. Mfuko wa kuwasaidia wajasiriamali wadogo kutafiti nishati mpya ulikuwa umekubali andiko langu. Nilikuwa nimeandika kwamba makapi yanayotupwa na mashine za kukoboa kahawa hapa Mbozi yanaweza kutengenezwa mkaa, tukaacha kumaliza miti. Mume wangu aliisoma barua mara mbili, kisha akauliza kama mtafiti naye huwa anapika ugali. Nikamjibu kwamba huwa anapika, ila leo hapiki. Na kweli sikupika.

Wakati huo Songwe haijawa mkoa, tulikuwa bado Mbeya. Niliazimwa mashine ya kushindilia na nikapelekwa semina ya siku tatu, yenye chai nyingi kuliko maelezo. Kazi yenyewe si ngumu. Makapi unayachoma kwenye pipa lililofunikwa mpaka yanakuwa meusi, unayasaga, unayachanganya na uji mzito wa muhogo ili yashikane, unashindilia vitofali, unaanika. Katika yote hayo, penye ujuzi ni kwenye uji. Uji ukiwa mwepesi, umekwisha. Basi nikamchukua shangazi yangu, dada wa marehemu baba.

Shangazi alikuwa amepika komoni pale kijijini Ruanda miaka arobaini, na kwa ajili ya pombe hiyo kanisa lilikuwa limemtenga na meza ya Bwana. Lilimuuma jambo hilo kuliko alivyotaka tujue. Kila Jumapili ya ushirika alikaa benchi la nyuma kabisa, wenzake wakienda mbele yeye anajidai kutafuta kitu kwenye mkoba. Mkoba wenyewe mtupu. Mwaka ule wazee wa kanisa walimwambia kwamba akiacha kupika pombe mpaka Pasaka, atarudishwa kundini. Wakisikia amerudia hata mara moja, asahau. Kwa hiyo alikuja kwangu kutafuta kitu halali cha kukoroga. Habari za nishati mpya hazikumhusu ndewe wala sikio.

Tulifanya kazi kwake kwa sababu ana banda kubwa. Mvua za Machi zilikuwa zinanyesha bila adabu, vitofali tukavianika humohumo ndani, vimefunikwa turubai. Baada ya siku nne vikaanza kuvimba. Mimi, msomi wa semina, nikaandika kwenye daftari la utafiti: "Bidhaa inaonyesha ukuaji." Hadi leo nikikumbuka sentensi ile najisikia kujificha uvunguni. Harufu ya uchachu ilikuwepo, ila banda lile lilinuka hivyo tangu sijaolewa. Nani angeshtuka?

Serikali ilitaka jaribio lifanyike mbele ya watu, kwa mpishi asiye ndugu yangu. Nikampata mzee mmoja wa Kigoma mwenye mgahawa Tunduma, karibu na foleni ya malori ya mpakani. Ni mswalihina, pilau lake linasifiwa mpaka ng'ambo. Alikubali kwa heshima ya serikali, akasema wazi kwamba mkaa wangu hauamini. Ofisa wa tathmini akaja na faili lake, akakaa karibu na jiko. Shangazi akakaa nyuma yangu, amevaa kitenge chake cha kanisani.

Moto ulishika vizuri. Nikatabasamu. Halafu vile vitofali vikaanza kupasuka, kimoja kimoja, pu, pu, na moshi ukatanda mgahawa mzima ukinuka komoni iliyoiva. Si kidogo. Ilikuwa kama klabu imefunguliwa chini ya meza. Watu waliacha kutafuna. Dereva wa Kizambia aliyekuwa anapita nje akaingia, akaagiza ubwalwa, ambayo ndiyo pombe kwa Kibemba, akaketi kabisa kuisubiri. Mzee mwenye mgahawa alifunga pua kwa kanzu yake, akaniinamia kwa upole ulioniumiza kuliko tusi.

"Mwanangu," akasema, "hapa wanakula watu wanaotoka kuswali."

Ofisa akauliza nani alipika uji. Nilifungua mdomo nidanganye kwamba ni mimi, wallahi nilikuwa tayari, lakini shangazi alishasimama. Alikuwa ameshaelewa. Lilikuwa limebaki debe moja la kimea cha ulezi kule bandani, na kila alipoepua uji wa muhogo, alichota konzi moja akanyunyiza, kama alivyofanya maisha yake yote. Kimea kikala uji, ukawa maji, kisha ukachachuka ndani ya mkaa.

"Ni mkono," akamwambia ofisa. "Mimi mwenyewe sikuwepo."

Ofisa hakucheka, Mungu ambariki. Aliandika kwenye faili, sehemu ya changamoto, neno moja tu: kimea. Akaniongezea miezi mitatu nijaribu tena. Mimi nilipona. Shangazi je? Habari ilifika Ruanda kabla yetu, tena imenona njiani: kwamba anapika gongo ya mkaa, anauza Zambia. Alilia kwenye gari hadi nyumbani.

Wiki moja kabla ya Pasaka wazee wa kanisa wakamwita, nikamsindikiza. Mzee aliyemsomea adhabu tangu mwanzo, mtu mkali anayevaa tai hata shambani, ndiye aliyesoma mashtaka. Shangazi hakubishana. Alifungua kitenge, akatoa kitofali kimoja cha mkaa, akakiweka mezani juu ya karatasi zao.

"Wazee wangu, kama hii ni pombe, nyweni."

Kikapitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja ananusa na kukunja uso. Harufu ilikuwepo, nani angekataa. Mwenyekiti alishashika kalamu. Mzee wa tai alinusa wa mwisho, akanusa tena, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikamwona jasho likimtoka.

"Hiki ni kimea tu," akasema akiangalia chini. "Hajapika. Komoni ya mama huyu naijua. Nimeinywa miaka kumi, mlango wa nyuma."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini, kisha akaichukua tena, safari hii akaandika majina mawili.

Pasaka shangazi alikwenda mezani, na mimi nikalia kama mtoto, sioni aibu kusema. Mzee wa tai alikuwa benchi la nyuma, amepewa miezi sita. Shangazi alipotoka mezani tulisogea tumpishe, lakini alitupita. Akaenda hadi nyuma, akakaa kando ya mzee yule, akamfunulia kitabu cha nyimbo.