Siku Koko Alipokataa Kutoka Uvunguni

Vikombe vikigongana kabatini, hata kama ni lori tu limepita barabarani, mimi hutazama kuta kwanza. Wanangu hunicheka. Lakini ninyi niwaambie jinsi ilivyoanza.

Ilikuwa Jumamosi, enzi za Zaire, nyumbani kwetu Kabondo, Kisangani. Tulikuwa tumerudi kutoka salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka majani ya mtaa, na mikono yangu bado ilinuka nyasi mbichi. Papa alikuwa kazini Bangboka, kwenye uwanja wa ndege. Mama alikuwa uani akitwanga pondu, majani ya muhogo, na chumbani Koko, nyanya yetu mzaa baba, alikuwa akimbembeleza mdogo wangu Bahati.

Kwanza vikombe vililia. Kisha ikaja ngurumo, si ya angani, ya chini, kama mapipa matupu yanaviringishwa chini ya sakafu. Mabati yakapiga kelele, kuku wakaruka, mchi ukamtoka Mama mkononi. Na mtaa mzima, nawaambia niliyoyaona kwa macho yangu, watu waliokuwa nje walikimbilia ndani.

Msishangae. Jiji letu lilikuwa limepitia vita kabla sijazaliwa, na watu wazima walijua jambo moja tu kuhusu ngurumo: ni mizinga; ingia, lala chini, nyamaza.

Mtu mmoja alikimbia kinyume chao, jirani yetu muuza maharagwe, mwenyeji wa Goma, ambaye kwa utani tulimwita Mama Madesu, yaani Mama Maharagwe kwa Kilingala. Alisimama katikati ya barabara, kitenge kimemvuka bega.

"Mutoke inje! Inchi inatetemeka! Kwetu Goma tunaijua, inarudiaka!"

"Madesu imemupanda kichwa," jirani mmoja akajibu dirishani. Vumbi la matofali lilipomwangukia utosini, akatoka mbio kuliko wote.

Mama akanishika mkono, tukatoka. Nilipogeuka, niliona ukuta wa chumba cha Koko umepasuka kutoka juu hadi chini, ufa wa kupitisha vidole. Koko alikuwa humo bado. Mama akarudi ndani, nami nikamfuata hadi mlangoni. Koko alikuwa amelala uvunguni mwa kitanda na Bahati kifuani, kiganja chake juu ya mdomo wa mtoto.

"Mama, tafazali, toka," Mama akamsihi mkwewe. "Haiko vita. Ni inchi inatetemeka."

"Inchi haitetemeke," Koko akanong'ona. "Ni mizinga. Nyamaza! Wakisikia mutoto, wanaingia."

Mama akamvuta mguu. Koko akang'ang'ania chuma cha kitanda. Nikamwona Mama akiutazama ule ufa, kisha ule mkono. Akapiga magoti, akashusha sauti.

"Bon, Mama. Mizinga imenyamaza. Sasa ni saa ya kukimbilia pori."

Koko akatoka papo hapo. Alimfunga Bahati mgongoni, akachukua kifurushi cha chumvi jikoni, maana porini chumvi haipatikani, akatutangulia. Tulikuwa tumefika kwa Mama Madesu pale ardhi ilipotikisika tena, kidogo tu, na ukuta ukalala juu ya kitanda.

Koko hata hakugeuka. Ilibidi Mama Madesu amkimbilie hadi mwisho wa barabara.

"Koko, unaenda wapi?"

"Weye unabakia hapa kungojea nini?" Koko akamjibu.

Mtaani kwetu hakufa mtu. Mjini vioo vya maduka vilivunjika, nyumba nyingi zikapata nyufa, nasi tukalala uani siku kadhaa. Redio iliendelea kupiga nyimbo za kumsifu Kiongozi, kana kwamba ardhi ya Zaire haikuthubutu kutikisika bila ruhusa yake.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama kichekesho: bibi aliyelikimbia tetemeko akiwa na chumvi mkononi. Niliusifu ujanja wa Mama, basi. Nilikuwa mtu mzima Papa aliponieleza kwamba pori walilokimbilia wakati wa vita lilikuwa limewameza ndugu zake wadogo, na kwamba Koko ndiye aliyewazika. Huko ndiko alikoambiwa arudi siku ile, miguu imevimba, mjukuu mgongoni. Hakuuliza ni mbali kiasi gani, wala ni kwa muda gani. Alikaza fundo la kitenge, akaanza kutembea.